Hunipiga Jumapili

Jirani yangu, mlango wake unatazamana na wangu, alikuwa akipiga pasi nguo za watu, na kwa kazi hiyo alimlea mtoto wa marehemu kaka yake. Jengo zima lilimwita Mama Nyoosha. Hakuwahi kuzaa, lakini jina lilimkaa na yeye hakulikataa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mkono wa kulia umeshiba kuliko wa kushoto. Alianza na kola, akaenda mabegani, mikononi, mgongoni, mwisho kifuani, na kati ya vifungo alipita na ncha ya pasi polepole kama mtu anayevuka maji asiyoyajua. Pasi ikianza kushika kitambaa, aliisugua kwa kipande cha mshumaa alichokifunga kwenye tambara, nayo ikateleza tena. Kazi yote hiyo haina sauti. Akinyunyiza maji utasikia shii ya mvuke, basi.

Nayasema haya mapema kwa sababu mwenye kelele kwenye ghorofa yetu ya tatu nilikuwa mimi. Mimi nashona mapazia. Cherehani yangu ni ya chuma, ya zamani, na ikishika kasi hata vikombe vya kabatini vinaongea. Mdomo wangu nao, kwa wanavyoniambia watu, hauna tofauti kubwa na cherehani. Lakini hakuna aliyewahi kunigongea mlango kulalamika. Nadhani waliniogopa.

Mtoto tulimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa darasa la kwanza. Akitoka shule alijikunja chini ya meza ya pasi na kuanza kusimulia: nani kalia, nani katapika, mwalimu kavaa nini. Na nyumba ile ilikuwa na lugha yake. Mashati hayakuitwa mashati, yaliitwa kwa majina ya kazi za wenyewe.

"Shangazi, meneja keshapigwa?"

"Bado. Nimempiga mhasibu kwanza. Meneja nitampiga tukishakula."

"Na daktari? Jana hukumpiga."

"Daktari ana mikunjo ya ukaidi. Yule hupigwa akiwa na majimaji, la sivyo hanyooki."

Mara ya kwanza kuwasikia nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Lugha yetu nayo, kila kitu ni kupiga: unapiga mswaki, unapiga deki, unapiga chafya, unapiga picha. Usipotaja kinachopigwa, anayesikiliza atajaza mwenyewe.

Kisha akahamia mzee wa chini. Alikuwa mstaafu, mjane, nadhifu kupindukia, shati amechomekea hata akienda kutupa takataka. Alipanga nyumba ya ghorofa ya pili, moja kwa moja chini ya Mama Nyoosha. Mwanzoni tulifurahi kupata mtu mzima mstaarabu. Haukupita muda, jioni moja akapanda ngazi na kugonga mlango wa jirani yangu. Mimi nilikuwa naokota pini mlangoni kwangu, nikasikia yote.

"Mama, samahani kwa usumbufu. Mtoto analia sana."

"Mtoto gani, babu?"

"Huyu wako. Analia, na kuna vishindo kama mtu anaburutwa. Nimevumilia, lakini leo imezidi."

Chiriku alikuwa amesimama nyuma ya shangazi yake, mashavu yamejaa mkate, anatafuna kwa raha zake. Hakukuwa na chozi wala kamasi. Mtu yeyote angesema, babu, umekosea nyumba, na mambo yangeishia pale. Mama Nyoosha akasema, "Samahani sana, babu. Haitarudia."

Hasira zilinipanda. Mzee alipokwisha kushuka nikavuka.

"Haitarudia nini? Umeomba msamaha wa kitu gani?"

"Ni mtu mzima, shoga yangu. Acha yaishe."

Haikuwa heshima peke yake. Alikuwa anaogopa, na mimi nilijua anaogopa nini. Kaka yake na wifi yake walikufa pamoja kwenye ajali ya barabarani, mtoto akabaki. Ofisi ya ustawi wa jamii ilitaka kumpeleka makao ya watoto, kwa kuwa shangazi hana mume, hana mshahara, na anakaa chumba na sebule. Mama Nyoosha alizungushwa ofisi hii na ile mpaka viatu vikaisha visigino, ndipo wakampa ruhusa ya kumlea kwa uangalizi. Uangalizi maana yake mtoto ni wako, lakini bado siyo wako. Wakiona hufai, au ukikosa pa kulala, wanakuja kumchukua.

Malalamiko hayakuisha. Safari iliyofuata mzee hakupanda, alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi wa jengo. Huyu msimamizi ni mtu asiyependa kitu chochote kitakachomfanya asimame kutoka kwenye kiti. Alikuja anahema, funguo zinalia kiunoni.

"Mama Nyoosha, mimi sipendi kesi. Kama mnalia, lieni kimya."

"Hatulii, baba."

"Mzee anasema mnalia. Mzee wa watu ana sababu gani ya kusema uongo? Nikiletewa habari hii tena nitamfikishia mwenye nyumba, na mwenye nyumba unamjua, hana maneno mengi. Utaambiwa utafute pengine."

Basi hofu ikaingia ndani ya nyumba ile na kufanya makazi. Mama Nyoosha alitandika mablanketi sakafuni toka ukuta hadi ukuta. Ndala zikapigwa marufuku, wakawa wanatembea na soksi. Miguu ya viti nayo akaivisha soksi. Meza ya pasi aliiweka juu ya kipande cha godoro, ikawa inayumba, na kwa kuyumba kwake akaunguza shati la mhasibu na kulilipa. Redio ikafungiwa kabatini. Kijiko kikianguka, shangazi na mtoto waliganda, macho sakafuni, wakisubiri kusikia hatua za mzee kwenye ngazi. Nilikuwa nikienda kuazima chumvi nakuta wamekaa hivyo, kama watu waliokatiwa umeme.

Chiriku akafundishwa alama: kidole mdomoni. Mwanzo ilimchekesha. Alicheza nayo, akanifanyia hata mimi, akamfanyia paka wa ngazini. Baadaye mchezo ukamtoka. Akija kwangu alinong'ona. Nikimwambia, "Sema, hapa ni kwangu," alitazama sakafu yangu kwanza, kisha akanong'ona vilevile. Ikafika mahali yeye ndiye anayemwekea shangazi yake kidole mdomoni, shangazi akikohoa.

Mimi nikajifanya mpelelezi. Nilidhani huenda ni cherehani yangu inayosikika vibaya huko chini, ukuta kwa ukuta, bomba kwa bomba. Nikaifunika wiki nzima, wateja wakaninunia. Mzee akalalamika kama kawaida. Tena siku moja alilalamika mchana kweupe, mtoto yuko shule, na Mama Nyoosha yuko kwangu ananishikia pindo la pazia. Msimamizi alipopiga simu kuuliza kelele za nini, nilirukaruka kwa furaha. Nikamwambia jirani yangu, twende sasa hivi, tumemkamata! Akanishika mkono. Vidole vyake, vilivyozoea joto kutwa, vilikuwa baridi.

"Nikibishana itaonekana namwita mzee wa watu mwongo. Atakwenda mwenyewe kwa mwenye nyumba."

"Si ni mwongo!"

"Punguza sauti."

Mimi niambiwe nipunguze sauti ndani ya nyumba yangu! Nilimjia juu. Nikamwambia woga wake ndio unaomnenepesha yule mzee, na kwamba ingekuwa mimi ningeshuka chini nikamwonyesha kelele zinavyopigwa. Yeye aliendelea kushika pindo. Najua ni rahisi kuwa na mdomo mrefu wakati huna cha kunyang'anywa, lakini siku ile sikutaka kulijua hilo.

Kilichonitisha zaidi alinieleza jioni moja, amekaa kwenye kizingiti changu, ameshika tama.

"Shoga, wakati mwingine namsikia na mimi."

"Unamsikia nani?"

"Mtoto. Leo nilikuwa napiga, nikasikia kama analia. Nikakimbilia chumbani. Nimemkuta kalala, kinywa kimefumba, shavu kavu. Nikasimama pale nikajiuliza, labda huwa analia nisimsikie. Labda nimekuwa mtu asiyesikia mtoto wa kaka yake akilia, na yule babu ndiye mkweli."

Nilimwambia achape usingizi, amechoka. Lakini niliporudi ndani nilijikuta nimesimama katikati ya chumba, natega sikio.

Sasa tuje shuleni, kwa mwalimu wa darasa la kwanza. Simlaumu yule binti, na haya alitueleza mwenyewe baadaye, machozi yanamlengalenga. Aliona mtoto aliyekuwa akijibu maswali yake na ya wenzake amekuwa bubu. Akiulizwa ananong'ona. Siku moja sanduku la bati la chaki lilianguka darasani, watoto wote wakacheka, na Chiriku akaingia chini ya dawati, kidole mdomoni, anatetemeka. Mwalimu akamtoa nje kwa upole.

"Nyumbani kwenu kuna mtu anapiga?"

"Ndiyo. Shangazi anapiga."

"Mara nyingi?"

"Kila siku. Anapiga mpaka kiuno kinamuuma."

"Anampiga nani?"

"Anampiga meneja. Anampiga mhasibu. Daktari ndiye mkaidi, yeye anapigwa na maji."

Mwalimu aliwaza kwamba mtoto anabuni watu ili asimtaje mtu halisi, kama watoto wanavyofanya jambo likiwazidi uzito. Basi akauliza alilokuwa akiliogopa.

"Na wewe?"

"Mimi hunipiga Jumapili," akasema Chiriku, "ili Jumatatu nije shule nimenyooka."

Mwalimu akapeleka habari ofisi ya ustawi. Ofisi ya ustawi ikampigia simu msimamizi wa jengo kuuliza kama anajua lolote. Msimamizi, bila kusimama kwenye kiti, akasema ndiyo, kuna mzee analalamika kwamba mtoto wa nyumba hiyo analia kila jioni na kuburutwa. Hapo mambo mawili, na yote mawili si kweli, yakapeana mikono, na kwa yeyote aliyeyaona yakiwa pamoja yalikuwa kweli tupu.

Jumanne msimamizi alisimama mlangoni kwa Mama Nyoosha na kuongea na kitasa.

"Alhamisi anakuja afisa wa ustawi. Mtoto awepo."

"Kuna nini, baba?"

"Mimi sijui. Nasikia mtoto mwenyewe kasema shuleni kwamba unampiga."

Mama Nyoosha alikuja kwangu, akakaa juu ya kitambaa cheupe cha mteja, nami sikumkemea. Hakuweza kulia. Alikuwa anavuta pumzi fupifupi kama mtu aliyetoka kupanda mlima.

"Kasema kwa mdomo wake," akarudia. "Chiriku. Kwa mdomo wake."

"Umemuuliza?"

"Naogopa kumuuliza. Akienda kusema tofauti na alivyosema kule, watajua nimemfundisha maneno. Na kama kweli anaona nampiga? Kama kuna kitu nimemfanyia bila kujua?"

Hata mimi, na mdomo wangu wote, pasi haikunijia akilini. Hofu ilikuwa imekaa katikati yetu kama mgeni wa tatu, hatukuweza kuona nyuma yake.

Jumatano nilikwenda kumtazama, nikakuta begi kubwa limefunguliwa kitandani. Anatia nguo za mtoto, amezikunja safi, kola juu. Chiriku amekaa kando, keshavaa viatu, ameshika mkoba wake wa shule, haulizi kitu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa binamu yake mama. Mbali. Hawatatufuata huko."

"Ukikimbia umekubali kosa."

"Nikikaa wanamchukua. Kesho, mchana, mbele ya macho yangu. Unataka nimpige pasi sare na kumkabidhi?"

Nikakaa juu ya begi. Mimi ni mwanamke mwenye uzito wangu. Alilivuta, alinisukuma, halafu akaishiwa nguvu, akapiga magoti akaweka kichwa kwenye mapaja yangu. Yote hayo tuliyafanya kimyakimya, kwa sababu ya mzee wa chini. Nikikumbuka hilo hadi leo nataka kuvunja kitu.

Alhamisi afisa akaja. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani, begi begani, viatu vya mtu anayetembea sana. Msimamizi alimfuata nyuma na kuegemea mlango. Mimi nilikuwa nimeshaingia na kukaa.

"Wewe ni nani?" akaniuliza afisa.

"Jirani."

"Sikukuita."

"Najua, mama," nikasema, na sikuondoka.

Mama Nyoosha alikuwa ameacha pasi imesimama mezani, taa yake nyekundu inawaka. Tangu asubuhi mikono yake ilikataa kutulia, alipiga hata vitambaa vya jikoni. Afisa alizunguka sebuleni kwa macho. Akaona mablanketi, akaona soksi kwenye miguu ya viti, akaona meza imepandishwa juu ya godoro.

"Mbona sakafu yote imefunikwa?"

"Ni... kwa ajili ya sauti."

"Sauti ya nini?"

Mama Nyoosha akanyoosha pembe ya blanketi kwa mguu. Niliona jinsi kila jibu la kweli lilivyokuwa linamdidimiza. Afisa akamvuta Chiriku mbele yake. Mtoto alikuwa amevaa sare, ametoka shule.

"Mwanangu, usiogope. Shangazi anakupiga?"

Chiriku akageuka kumtazama shangazi yake.

"Nitazame mimi, siyo yeye. Anakupiga?"

"Ndiyo," akanong'ona.

"Lini?"

"Jumapili."

"Anakupiga na nini?"

"Na pasi."

Msimamizi alisema, "Mungu wangu," na kusimama wima, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya. Afisa aligeuza kichwa taratibu akaitazama ile pasi na taa yake nyekundu. Uso wa Mama Nyoosha uliishiwa damu, ukawa wa majivu.

"Pasi ya moto?" akauliza afisa. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Chiriku akamshangaa. "Si lazima iwe ya moto? Ya baridi hainyooshi."

"Vua shati, mwanangu. Nikuone mgongo."

"Nivue? Lakini leo siyo Jumapili." Mtoto akashika kola yake kwa mikono miwili, kama anayetetea mali. "Na hili limeshapigwa. Halitaki tena."

"Nini kimepigwa?"

"Hili. Mimi ni hili." Alilivuta shati lake la sare mbele ili aonwe vizuri, kisha akaonyesha ukutani, kwenye mashati yaliyotundikwa. "Yule ni meneja. Yule wa mistari ni mhasibu. Daktari yuko kwenye beseni, hajapigwa, ndiyo maana amekunjamana."

Afisa alitazama mashati. Akatazama pasi. Akamtazama mtoto. Kisha akajishika mdomo, na mabega yakaanza kumtikisika, na nilidhani analia, kumbe anacheka. Msimamizi akaangua kicheko, funguo zote kiunoni zikacheka naye. Mimi nilicheka mpaka machozi, nikajipiga mapaja, nikasema jamani daktari na maji yake. Nilipofuta macho nikamwona Mama Nyoosha. Hakuwa amecheka. Alikuwa amekaa mikono magotini, anasubiri.

Afisa alimkagua mtoto mgongo vilevile, maana kazi ni kazi. Ulikuwa mgongo safi, laini, wa mtoto anayeogeshwa. Lakini alipoinua uso hakuwa na kicheko tena.

"Pasi nimeielewa," akasema. "Kuna kilio. Jirani wa chini anasikia mtoto analia kila jioni. Hicho siyo pasi." Akamgeukia Chiriku. "Huwa unalia?"

Chiriku akatikisa kichwa.

"Mbona unanong'ona?"

Mtoto akaweka kidole mdomoni. "Babu wa chini atasikia."

Mlango ukagongwa. Msimamizi aliufungua, na mzee wa chini akaingia, shati amechomekea, anahema kwa ngazi. Hata salamu hakutoa, na yeye ni mtu wa salamu.

"Afadhali nimekukuta, mama afisa. Sasa umemsikia mwenyewe."

"Nimemsikia nani, mzee?"

"Mtoto! Analia tangu mmeingia. Nimekaa kule chini nikasema, leo angalau wapo watu wa kumtetea. Nangoja anyamaze, hanyamazi." Alitutazama mmoja mmoja. "Mbona mmekaa tu? Mtoto analia hivi, nanyi watu wazima mmekaa?"

Tulisikiliza, wote. Nilisikiliza kwa nguvu mpaka masikio yakaniuma. Pasi ilitoa mlio mdogo wa chuma kinachopoa, na barabarani ikapita pikipiki. Chiriku alikuwa amesimama katikati ya sebule, anafunga vifungo vya shati, midomo imefumbwa.

Mzee alimwona. Akamkaribia, akainama, akaitazama ile midomo kwa karibu kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Siyo wewe?"

"Siyo mimi, babu."

Mzee akaweka kiganja sikioni. "Sema kwa nguvu, mjukuu wangu. Sikusikii. Huyu anayelia ananizidi."

Miezi yote ile nilimchukia mtu huyu. Nilimwita mwongo, mchawi, mzee asiye na haya. Kumbe yeye alikuwa akikaa kule chini peke yake, kila jioni, anamsikia mtoto akiburutwa, anapanda ngazi kutafuta msaada, na sisi tunamfungia milango. Sasa alijinyoosha akatugeukia, na uso wake sitausahau.

"Kama siyo huyu," akauliza, "ni nani?"

Mama Nyoosha ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyanyuka. Alimletea kiti, akamshika kiwiko, akasema, "Kaa, babu. Kaa kwanza." Mzee akakaa pembeni ya kiti, akiendelea kutega sikio upande wa ukuta.

Afisa alivua miwani na kuifuta muda mrefu. Alisema mtoto atabaki kwa shangazi yake na hakuna atakayemchukua, atalisema hilo ofisini mwenyewe. Akamwambia msimamizi asimsumbue tena mama wa watu. Kisha akasema kwa upole, "Mzee wangu, tutakupeleka hospitali, wakuangalie masikio."

"Masikio yangu mazima," akajibu mzee. "Namsikia vizuri kabisa." Akamshika Chiriku mkono. "Mjukuu wangu, hebu zungumza. Zungumza kwa nguvu. Labda ukizungumza atanyamaza."

"Zungumza, Chiriku," akasema Mama Nyoosha. Sauti ilimtoka nzito, ya kusikika na watu wote, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mablanketi yatandikwe. "Piga kelele. Imba. Rukaruka, fanya utakavyo. Imekwisha, mwanangu, hakuna wa kukuchukua."

Chiriku alimtazama afisa. Akamtazama msimamizi mlangoni, akanitazama mimi. Akavuta pumzi, kifua kikajaa, kinywa kikafunguka, na wote tukangoja. Kisha akakifumba. Alimwendea shangazi yake juu ya blanketi kwa soksi zake, akamvuta shingo mpaka sikio likafika chini. Alinong'ona, lakini chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba tulimsikia wote, isipokuwa mzee.

"Wakishaondoka, shangazi."

Mzee alikuwa bado anasubiri, kiganja sikioni.